Mashine Niliyoichagua kwa Uzito

Zuhura mwanangu,

Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na ninavyomjua wifi yangu hatakuachia mpaka ule sahani mbili na usifie zote mbili. Basi nimepata nafasi. Baba yako yuko barazani na redio yake, begi lako limeshafungwa kamba, na mimi nimekaa naandika juu ya benchi la kazi, maana kila meza tunayojitengenezea humu ndani hupata mteja kabla vanishi haijakauka. Ndiyo nyumba ya seremala hiyo.

Sitakuandikia habari za kula, kulala, wala baridi ya Moshi. Hata machungwa ya Muheza sitakukataza kununua dirishani mwa basi, ingawa nakuambia ukifika mbele kidogo yatakuwa bei ya bure na utajuta. Hayo utayajua mwenyewe. Nataka kukujibu swali lako la juzi, ambalo nililijibu vibaya.

Juzi ulikuwa umeshika barua ya huyo tajiri wako mpya wa Moshi. Kakuita uwe msimamizi wa chumba chake cha kumalizia kazi, mahali pa msasa na vanishi, na jambo la kwanza anataka ukachague mashine ya kupigia msasa, zile zinazotikisika kwa kuzunguka. Lakini katika barua hiyo hiyo kashaandika kwamba yeye angependa ile yenye nguvu kuliko zote dukani. Ukaniambia, "Mama, kazi zake ni kabati za plaiwudi, zile zenye ganda jembamba la mninga juu. Mashine kubwa italila lile ganda." Nikakuuliza, "Sasa utamwambia?" Ukasema, "Mwenye mali kashasema. Mimi nani?"

Nilikuwa nakuna nazi. Nikasema utaona huko huko. Ukaitikia "haya, mama," ukaenda kuanua nguo.

Hiyo "haya, mama" imenikaa kifuani siku mbili, kwa sababu namjua aliyekufundisha. Ni mimi. Na wewe unamjua, ila hujawahi kunitajia hata siku moja, na kwa hilo peke yake nakushukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Wewe ulizaliwa miaka ya foleni. Nimekubeba mgongoni foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya unga wa njano. Msasa wa dukani ulikuwa haupatikani kabisa, na ukipatikana tulikuwa tunaukata vipande vinne kwa kisu, kila kipande tukakitumia mpaka kikawa laini kuliko karatasi ya barua hii. Vikiisha, nilirudia ya bibi yangu: majani makavu ya mti wenyewe wa msasa, yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Jani moja, mguu mmoja wa kiti. Baba yako alikuwa akiranda na kuunga, mimi nikimalizia, na vidole vyangu vilikuwa havina alama tena. Siku moja karani mmoja aliniambia niweke dole gumba kwenye karatasi, likatoka doa tupu.

Silalamiki. Tuliishi, tukacheka, ukakua. Lakini foleni ni mwalimu, na ilitufundisha mambo mawili ambayo hayakutoka upesi. La kwanza ni kwamba ukiona watu wamejipanga, jipange, utauliza mbele kinauzwa nini. Niliwahi kusimama asubuhi nzima, nilipofika dirishani nikakuta ni betri za redio, na redio hatukuwa nayo. Nilinunua. La pili ni kwamba mwenye duka akisema hakuna, basi kipo chini ya meza. Na akikwambia hiki hakikufai, basi kinamfaa mtu wake.

Kisha ikaja ruksa, kila mtu akaachiwa auze na anunue. Maduka yakajaa vitu kana kwamba vilikuwa vikingoja nyuma ya mlango. Utacheka, lakini siku ya kwanza nilipokuta sabuni aina sita kwenye rafu moja, nilizitazama, nikazinusa, nikashindwa, nikarudi nyumbani bila sabuni. Watu wanadhani kukosa ndiyo shida peke yake. Sisi tulikuwa tumesahau hata kuchagua.

Katika hali hiyo ndipo nilipokwenda na wewe kununua mashine, kwenye duka la Bwana Sherali kule Ngamiani. Ulikuwa na miaka kumi, umeshika pindo la kanga yangu. Baba yako aliniachia mimi kazi ya kuchagua kwa kuwa mwenye kupiga msasa ni mimi. Alikuwa na heshima hiyo tangu zamani, wenzake wakimcheka.

Bwana Sherali akanipangia tatu juu ya meza. Moja ndogo ya kushika kwa kiganja, moja ya kadiri, na moja kubwa yenye vishikio viwili. Akaniuliza, "Kazi zenu mbao nene, mama, ama plaiwudi?"

Mtu anauliza swali la maana kama hilo, mimi nikaona mtego. Nikamwambia, "Bwana Sherali, mie nimekuja kununua, sikuja kusomeshwa."

Hakukasirika. Akaisukuma ile ndogo mbele yangu. "Basi chukua hii. Hii kubwa ya watu wa meza nene, mninga mtupu. Ina nguvu mno. Kwenye plaiwudi itakutia hasara."

Nikazinyanyua moja moja, nikizipima mkononi kama mtu anayenunua nyama. Ile kubwa ilikuwa nzito, na nilivyoifikiria, kitu kizito ndicho kitu. Moyo wangu ukaniambia: huyu kamwekea mtu wake. Nikamuuliza hivyo hivyo, "Hii kubwa umemwekea nani?"

Akacheka. "Sijamwekea mtu, mama. Ziko nyingine stoo."

Ziko nyingine! Ndiyo kwanza nikaamini kwamba ananificha. Wewe ukanivuta kanga, "Mama, kasema ndogo." Nikakufinya. Nikaibeba kubwa kichwani kutoka Ngamiani mpaka kwetu Mabawa, wala sikutaka usafiri, ili majirani waione vizuri.

Wakati huo tulikuwa na kazi ya Bi Mwanaidi. Binti yake anaolewa Ijumaa, na baba yako alikuwa amemaliza kabati la milango miwili, plaiwudi yenye ganda la mninga ambayo aliitafuta muda mrefu. Mistari ya mti ilikuwa inapanda milangoni sawasawa, kulia na kushoto, hata mimi niliyezoea nilisimama kuitazama. Kilichobaki ni msasa wa mwisho na vanishi.

Nikaiwasha. Taa zikafifia, jirani yetu aliyekuwa anapiga pasi akanitukana kupitia ukutani. Nikaiweka kwenye mlango wa kushoto na kuikandamiza kwa mikono miwili, maana nilizoea majani, na majani bila kukandamiza hayafanyi kitu. Vumbi likaruka kama unga. Nilicheka peke yangu, mwanangu. Miaka yote ile ya vidole, na sasa kitu kinafanya kazi na mimi nakiongoza tu.

Nilipoinyanyua niliona doa jeupe, kubwa kama sahani ya chai. Ganda la mninga lilikuwa limekwisha, na mti wa chini umechungulia.

Mtu mwenye akili angezima. Mimi nilikwenda mlango wa pili ili ufanane na wa kwanza.

Baba yako aliporudi alikuta milango miwili yenye madoa meupe na mke aliyekwisha tunga hadithi. Nilimwambia, "Sherali katuuzia mashine mbovu. Nimemwomba ndogo, kaning'ang'aniza hii." Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lilitoka lenyewe, na likishatoka ilinibidi nilifuate.

Unakumbuka yaliyofuata, lakini niache niyaandike mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu mpaka leo ni wewe tu uliyeyabeba.

Tulirudi dukani sote watatu. Duka lilikuwa limejaa watu. Nikasema maneno yangu kwa sauti, nikaongeza na chumvi. Bwana Sherali akanitazama tu, mikono yake juu ya meza. Wewe ukasema, kwa ile sauti yako ya wakati ule iliyokuwa ikisikika mpaka mtaa wa pili, "Baba, si kweli. Yeye alisema ndogo. Mama ndiye aliyetaka kubwa."

Watu wakatugeukia. Nikasema, "Mtoto huyu mwongo, ana tabia hiyo."

Hukuwa na tabia hiyo. Hukuwahi kuwa nayo. Baba yako, ambaye hajapata kunitilia shaka tangu anioe, akakugeukia akakwambia, "Zuhura, mwombe mama yako radhi." Ukanitazama. Ulikuwa unaningoja mimi niseme neno, nilijua, na sikusema. Basi ukachukua mkono wangu ukaubusu, ukasema, "Nisamehe, mama, nimesema uongo."

Na mimi nikajibu, "Nimekusamehe."

Mimi ndiye niliyekusamehe wewe. Nimeandika sentensi hiyo nikaona aibu mpaka nimeweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji.

Bwana Sherali akasema, "Basi, basi, hakuna neno." Akachukua ile kubwa, akatupatia ndogo, wala hakujitetea hata kwa jicho. Nyumbani baba yako akabandua milango ya kabati letu wenyewe, lile alilonitengenezea nilipoolewa, kwa kuwa yeye hutengeneza kwa kipimo kimoja, akaifunga kwenye la Bi Mwanaidi. Arusi ikapita salama. Ndiyo maana umekua ukiona kabati letu lina pazia la kanga mahali pa milango, na ulipoulizwa na wenzako ukasema mama anapenda hivyo.

Nilimwendea Bwana Sherali baadaye, peke yangu, vanishi ilipotuishia. Nilimwomba radhi nikitazama chini. Aliniambia neno ambalo nimelikimbia miaka yote hii: "Mimi mtu mzima, mama, na kwangu umekuja kwa sababu vanishi iko kwangu. Mtoto umemwendea?"

Nikasema nitakwenda. Nikajiambia mdogo huyu, atasahau. Halafu nikajiambia kashasahau. Halafu ukawa mkubwa, nikaona haya. Mtu akichelewesha jambo la namna hii haliozi wala haliishi, linakaa vile vile, na mwenye kulichelewesha ndiye anayezidi kuwa mdogo mbele yake.

Lakini nilikuwa naona. Tangu siku ile sauti yako ilishuka. Ukawa mtoto mwema, kila mtu akanisifia, "Zuhura mtulivu, Zuhura hana neno." Nikiwa napokea sifa, nilikuwa najua zinatoka wapi. Unakumbuka ile meza ya kahawa niliyoitia vanishi nyepesi mno ikatoka mapovu? Nilikuuliza kama uliona wakati nachanganya. Ukasema, "Niliona, mama." Nikakuuliza mbona hukusema. "Nilidhani wewe unajua."

Sikulala vizuri siku ile, na bado sikusema.

Sasa nikushukuru, maana nimeandika makosa mpaka mtu angedhani barua hii ni ya msiba. Moyo wangu leo umejaa shukrani, na haujui uanzie wapi. Nakushukuru kwa kuipenda ile mashine ndogo wakati mimi nilikuwa naichukia kwa sababu ilinikumbusha. Ni wewe uliyeijua. Ulikuwa na miaka kumi na miwili ulipogundua kwamba ukiiacha iende kwa uzito wake yenyewe inakata vizuri kuliko ukiikandamiza, na kwamba ukiisimamisha mahali pamoja inaacha vile vijiduara ambavyo havionekani mpaka vanishi iingie. Hukunifundisha kwa mdomo. Ulifanya tu mbele yangu, polepole, mpaka nikaiga. Nimejifunza kazi yangu mwenyewe kutoka kwa mtoto niliyemnyamazisha. Nakushukuru pia kwa kunishika mkono na kuniita mama kila asubuhi bila chembe ya kisasi. Mwingine angekuwa na haki.

Haya, jibu la swali lako. Ukifika dukani kwa ajili ya huyo tajiri, usiulize kwanza nguvu. Waambie waiwashe, uishike, ukae nayo kidogo. Mkono ukianza kufa ganzi kabla hujamaliza kuzungumza na muuzaji, iache, maana wasichana utakaowasimamia watashinda nayo kutwa. Tazama kitako chake kama kimelala sawa. Uliza kama inaweza kupunguzwa mwendo. Tazama mfuko wake wa vumbi umeshonwa au umebandikwa tu, na vumbi lile usilidharau, baba yako anakohoa kila siku anaporanda mbao za mvule na mimi nilikuwa nasema ni upepo. Halafu uliza kama karatasi zake za msasa zinapatikana hapo hapo mjini, kwa sababu mashine yenye nguvu isiyo na karatasi ni jiwe la kuzuia mlango. Nguvu ni kitu kizuri. Anayekata mbao nene aitafute. Wewe kazi yako iko juu ya ganda jembamba, na ganda jembamba linataka mkono unaojua kuacha.

Lakini yote hayo unayajua. Uliyajua juzi uliponiuliza. Unalohitaji kutoka kwangu si mashine, ni ruhusa, na ruhusa hiyo mimi ndiye niliyekunyang'anya. Basi nakurudishia. Mwambie tajiri wako. Mwambie kwa adabu, mwambie mapema, kabla ya fedha kutoka, na kama atakuona mjuaji, na akuone. Akikataa, mwambie tena ukimwonyesha kipande cha plaiwudi. Akikataa mara ya tatu, mali ni yake, wewe umeshasema. Usije ukasimama mbele ya kabati lililoharibika ukijua kwamba ulijua.

Na kama siku moja mdogo wako kazini, mfagiaji, yeyote, atakuvuta kanga akakwambia umekosea, tafadhali mwanangu, geuka umtazame.

Nimemwambia baba yako. Leo alasiri, ulipokuwa unapanga nguo. Nilimwambia mwanzo mpaka mwisho, pamoja na yale majani na betri za redio, kwa kuwa nilikuwa naogopa kufika kwenye neno lenyewe. Nilitaka akasirike. Angekasirika ningepumua. Aliniomba nirudie ile sehemu ya dukani. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemlazimisha mtoto aombe radhi kwa kusema kweli." Akatoka nje, akakaa na ile redio yake, na nikitega sikio naona haijawashwa.

Aliporudi kunywa maji alisema maneno mawili tu: "Kesho asubuhi." Nikamwambia nami nilikuwa na nia hiyo hiyo.

Barua hii naiweka juu ya mto wako. Kesho alfajiri utatoka chumbani, na najua utafanya ulivyofanya kila siku ya maisha yako, utainama utuamkie. Kesho usituamkie kwanza. Utatukuta ukumbini, mimi na baba yako, tumesimama, tuna radhi ya kukuomba. Tusikilize mpaka tumalize. Halafu, ukiona bado tunastahili, ndipo utuambie shikamoo.

Mama yako